Daftari la fundi wa friji: hesabu ya gesi joto inaanzia wapi

Haya, asanteni kwa kuja jamani, najua mmetoka kwenye vikao virefu kwa hiyo naingia moja kwa moja. Leo ni hesabu ya gesi joto, hizi gesi zinazopasha dunia joto, yaani kampuni au kiwanda au ofisi yoyote ile inajuaje imetoa tani ngapi kwa mwaka, inaziandika vipi, alafu inazipunguza vipi. Na nina jambo moja tu nataka mlibebe, kwamba hii hesabu haianzii kwenye kompyuta ya mshauri, inaanzia kwa yule anayejaza tenki, anayesoma mita, anayebadilisha mtungi wa gesi, na kama huyo mtu hamjakaa naye mkaongea basi mlichonacho ni makisio hata kama kina kurasa mia.

Tuanze na lita moja ya dizeli. Ukiiweka kwenye mizani inakuja kama gramu 840 hivi. Ukiichoma yote ikaisha inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Kila nikisema hivi kuna mtu ananyoosha mkono, inawezekanaje kitu kisichofika kilo moja kitoe kilo mbili na zaidi? Na ni swali la haki kabisa. Uzito ule mwingine unatoka hewani. Chembe ya kaboni iliyoko kwenye mafuta ina uzito wa 12, ikiungua inashikana na oksijeni mbili, kila moja 16, jumla inakuwa 44, kwa hiyo kila kilo ya kaboni inayoungua inarudi kwetu ikiwa kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Ndo ilikotoka namba ya kuzidishia. Na ndo maana kwa mafuta hatufungi kifaa kwenye bomba la moshi, ukijua lita umemaliza, unazidisha.

Ila hizo lita sasa. Daftari la manunuzi linasema umenunua kiasi fulani, la jenereta linasema kiasi kingine, na kwenye tenki kuna mafuta yaliyobaki toka mwaka jana ambayo hakuna aliyeyapima tarehe ya kufunga hesabu. Ukichukua risiti peke yake umehesabu mafuta uliyonunua, sio uliyochoma. Mimi siku zote naomba mtu apime tenki siku ya kwanza ya mwaka na siku ya mwisho, ni kazi ya dakika kumi, na inaokoa mabishano ya wiki mbili.

Gesi nazo hazilingani nguvu, hilo mnalijua. Tunazigeuza zote ziwe sawa na hewa ya ukaa ili zijumlishwe. Kwa tathmini ya tano ya IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kilo moja ya methani ndani ya miaka 100 inapasha joto kama kilo 28 za hewa ya ukaa, na naitrasi oksaidi, hii inayotoka sana kwenye mashamba yenye mbolea, ni 265. Methani ukiiangalia kwa miaka 20 badala ya 100 inavuka 80, kwa sababu yenyewe haikai hewani muda mrefu lakini muda inaokaa inachoma kwelikweli. Tathmini ya sita imezirekebisha kidogo hizi namba. Kwa hiyo andika kwenye ripoti umetumia toleo lipi, maana nimekuta ripoti mbili za kampuni ileile, miaka miwili tofauti, namba za kuzidishia tofauti, na mtu anasema tumepungua. Hamna kilichopungua pale, kilichobadilika ni kitabu.

Skopu, yaani mafungu ambayo tani zako zinagawanywa, nitapita haraka. Utaratibu ambao karibu kila mtu anaufuata ni GHG Protocol, mwongozo wa kuhesabu gesi joto, ulitolewa mwaka 2001 na WRI, taasisi ya utafiti wa mazingira, pamoja na WBCSD, umoja wa makampuni wa maendeleo endelevu, ukarekebishwa 2004. Skopu 1 ni unachochoma au kinachovuja kwako mwenyewe, skopu 2 ni umeme na joto unalonunua, skopu 3 ni vingine vyote, kuanzia malighafi mpaka mteja atakavyokitumia kitu chako na kukitupa, makundi 15 kwa jumla. Kwa kampuni nyingi skopu 3 ndo kubwa kuliko zote na ndo inayojulikana kidogo kuliko zote.

Na hapo kwenye skopu 3 kuna kitu kinaniuma. Watu wengi wanaihesabu kwa pesa, unachukua ulicholipa kwa msambazaji unazidisha na wastani wa sekta yake. Kwa kuanzia sawa, inakuonyesha pa kuchimba. Shida inakuja ukiifanya ndo kipimo chako cha kila mwaka, kwa sababu ukijadiliana ukapata punguzo la bei, tani zako zinashuka papo hapo na hakuna hata gramu moja iliyopungua hewani, na kinyume chake, msambazaji aliyehangaika akabadilisha tanuri lake likawa safi alafu akapandisha bei kufidia gharama, kwenye hesabu yako anaonekana mchafu zaidi. Yaani unamwadhibu aliyefanya vizuri. Mwombeni msambazaji kilo alizokuuzia na nishati aliyotumia, hata kama mwaka wa kwanza watakaojibu ni watatu tu.

Sasa niwape kisa kimoja, maana ndo kilichonifundisha kazi hii. Tulikuwa kwenye kiwanda fulani chenye vyumba vya baridi. Ripoti yao ya mwaka uliopita ilikuwa na dizeli, umeme, magari, kila kitu kimepangwa, na kwenye mstari wa gesi za friji waliandika sifuri. Nikaomba kuonana na fundi wa friji. Mtu wa makamo, mpole, ana daftari la jalada gumu limelowa mafuta pembeni, ameandika kwa penseli tarehe, chumba, na mitungi aliyotumia. Nikamuuliza, fundi, hii mitungi miwili hapa ni ya nini? Akasema, hiyo naongeza tu mkuu, baridi ikishuka naongeza gesi. Nikamwambia, fundi, ule mfumo si umefungwa pande zote? Akasema ndiyo. Sasa kama umefungwa na wewe unaongeza, ile ya mwanzo imeenda wapi? Akanyamaza kidogo, akaangalia daftari lake, akasema, imetoka.

Imetoka. Gesi yenyewe ilikuwa R-404A, ambayo kilo moja ni sawa na karibu kilo 3,900 za hewa ya ukaa. Mtungi mmoja una kilo 10.9. Pigeni hesabu hapo, mtungi mmoja ukivuja wote ni zaidi ya tani 42, ambayo ni kama umechoma lita 16,000 hivi za dizeli. Wao walikuwa wanasumbuana na madereva kuhusu kuzima injini wakati wa kupakia mzigo, jambo zuri tu, lakini mitungi miwili inapita kwenye vali iliyochoka na hakuna anayeijua zaidi ya mtu mmoja, na yule hakuwahi kuulizwa. Hakuwa anaficha kitu. Fomu iliyotoka ofisini ilikuwa inauliza "gesi iliyovuja" na yeye kwa lugha ya kazi yake hajawahi kuvujisha, ameongeza. Toka siku hiyo fomu zangu zinauliza, mwaka huu umeongeza mitungi mingapi.

Ndo maana kwenye kupunguza mimi naanza na mivujo kabla ya kitu kingine chochote. Mvujo ni mali yako inayopotea na haikupi hata kazi moja. Hata kwa dunia nzima ni hivyohivyo, mwaka 2016 nchi zilikubaliana Kigali kupunguza hizi gesi za friji za jamii ya HFC, na mwaka 2021 kwenye mkutano wa Glasgow ikazinduliwa ahadi ya pamoja ya kushusha methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030 ukilinganisha na 2020. Sehemu ya hiyo methani inatoka kwenye mabomba na visima vya mafuta na gesi, na siku hizi setilaiti zinaona mivujo mikubwa toka juu, kwa hiyo mwenye kisima hawezi tena kukaa na makadirio yake peke yake.

Baada ya mivujo ndo uje kwenye nishati, mota zinazozunguka bila mzigo, hewa ya kompresa inayopotea kwenye maungio, alafu umeme wenyewe unatoka wapi. Krediti za kaboni, yaani tani ulizowalipa wengine wazipunguze kwa niaba yako, ziweke mstari wake pembeni, usizitoe kwenye tani zako ukaonyesha jumla iliyoshuka, msomaji ana haki ya kuona ulichotoa wewe. Na kuna lingine, ukiuza malori yako ukakodi ya mtu, skopu 1 inashuka sana lakini moshi ni uleule barabarani, umehama tu umekwenda skopu 3. Liandike hivyo.

Turudi kiwandani nimalizie. Tulipopata zile tani za friji mkurugenzi aliuliza swali gumu, je mwaka wa msingi, yaani ule tunaoulinganisha na miaka mingine yote, tutaugusa? Kwa sababu ukiweka mivujo mwaka huu tu, utaonekana umepanda ghafla, na mwakani ukitengeneza vali utaonekana shujaa bila kustahili. Utaratibu unasema kosa likiwa kubwa unarudi nyuma unalisahihisha mpaka mwaka wa msingi, na unaeleza wazi kwa nini. Yeye alikubali, na namheshimu mpaka leo kwa hilo, maana namba zake za nyuma zote zilikuwa zinapanda. Tatizo likawa data, mwaka wa msingi ulikuwa miaka minne nyuma na ofisini hakukuwa na karatasi hata moja ya gesi. Tukashuka tena kwa fundi. Akafungua kabati la vifaa, akasogeza spana na mipira ya kuzibia, akatoa madaftari mengine manne, penseli ileile, akayaweka mezani akaniambia, chagua mwaka mkuu.