Taulo Chini, Macho Juu: Ndani ya Sauna za Erding

KESSY: Karibuni tena kipindini. Mimi Kessy niko Dar, feni inazunguka inavuma upepo wa moto. Mwenzangu Mwanaidi yuko Munich, Ujerumani. Sasa huyu dada katoka kwenye hoteli ya spa, nikamwambia nirushie picha, akanitumia picha ya kandambili. Kandambili tu!

MWANAIDI: Ungetaka ya nini tena? Kule kwenye sauna, vile vyumba vya mbao vya moto vya kutolea jasho, simu haziruhusiwi, unaifungia kabatini. Na ukishaona kulivyo, utashukuru kwamba haziruhusiwi.

KESSY: Tutafika huko, najua wasikilizaji wanasubiri huko huko. Kwanza ni wapi?

MWANAIDI: Erding. Ni mji mdogo kaskazini-mashariki ya Munich, karibu na uwanja wa ndege. Unapanda treni ya S2, unashuka Altenerding, unatembea kidogo tu. Wanywaji wanaujua kwa ajili ya bia, mimi nimeujua kwa ajili ya maji. Panaitwa Therme Erding, na wenyewe wanajinadi kuwa ndiyo spa ya maji moto kubwa kuliko zote duniani. Mimi sijazizunguka zote za dunia, ila pale ndani mtu anaweza kupotea kweli.

KESSY: Maji moto ya asili au ya kuchemsha?

MWANAIDI: Ya ardhini. Mwaka 1983 kampuni ya Texaco ilikuja kuchimba mafuta. Wakachimba, wakachimba, wakapita mita 2,300 kwenda chini. Mafuta hakuna. Yakatoka maji ya nyuzi 65 yananuka kiberiti.

KESSY: Hasara hiyo.

MWANAIDI: Kwa Texaco, ndiyo. Mji wenyewe ukaona mali. Joto lile linapasha nyumba za watu wakati wa baridi, na mwaka 1999 pakafunguliwa haya mabwawa. Aliyeyajenga ni msanifu majengo mmoja, Josef Wund, alifariki kwa ajali ya ndege ndogo Desemba 2017. Alikuwa na wazimu wa minazi yule bwana. Unaingia, kuba la kioo juu yako, mitende na michikichi kila upande, nje theluji inaanguka, ndani maji ya nyuzi thelathini na kitu. Mimi mtu wa Unguja nimekaa chini ya mtende Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Nilicheka peke yangu.

KESSY: Hiyo ya kuchimba kitu hiki ukapata kingine inanikumbusha Olkaria, kule Naivasha. Tofauti yake, KenGen, kampuni ya umeme ya Kenya, walikuwa wanajua wanachokitafuta. Walitaka mvuke wa kuzalishia umeme, halafu maji yanayobaki yakatengenezewa bwawa la kuogelea, la buluu yake hiyo kama sabuni ya unga. Nilifika pale. Watu wa Nairobi Jumapili, usiseme.

MWANAIDI: Na pale Olkaria mtu anaoga kavaa.

KESSY: Haya, umeanza mwenyewe. Endelea.

MWANAIDI: Ngoja nimalize hoteli. Ilifunguliwa 2014, inaitwa Victory, na upande unaotazama bwawa la mawimbi umejengwa kama merikebu ya kivita ya zamani, ya yule Admirali Nelson wa Uingereza. Kwa macho ni kituko kidogo, sisemi ni urembo. Raha yake ni kwamba imeungana na mabwawa. Bei ya chumba ina kiingilio ndani yake, basi unatoka chumbani na gauni lako la taulo na kandambili, unateremka mpaka majini bila kugusa baridi ya nje. Unakuta wazee wawili wamesimama mapokezi wanalipa bili, wamevaa mataulo, wako makini kama wako benki.

KESSY: Na watoto?

MWANAIDI: Watoto wana upande wao, wa slaidi za maji, na makelele yao huko huko. Upande wa watu wazima ni kuanzia miaka 16. Nao una sehemu mbili: moja unavaa nguo ya kuogelea kama kawaida, na ya pili, ya sauna, ukifika mlangoni nguo zinaishia hapo.

KESSY: Zote?

MWANAIDI: Zote. Wanaume, wanawake, vijana, mabibi. Pamoja.

KESSY: Mwanaidi. Wewe ni mtoto wa Mji Mkongwe. Umekua na buibui.

MWANAIDI: Na nimekua karibu na Hamamni pia! Watu wanasahau. Sayyid Barghash alijenga yale mabafu ya Kiajemi kwa watu wa mjini, waende waogee mvuke, wakandwe, wasuguliwe. Kabla yake, mwaka 1850, Sayyid Said alijenga ya Kidichi kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Kwa hiyo kuvua nguo ukaketi kwenye mvuke na wenzio, hilo kwetu si geni. Ila Hamamni wanawake walikuwa na saa zao na wanaume saa zao. Kilichonigeuza tumbo Erding ni kuchanganyika.

KESSY: Ukafanyaje?

MWANAIDI: Nilijifunga taulo kutoka kwapani mpaka magotini, nikatembea kama bi harusi. Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo nataka watu walisikie, kwa sababu huku nyumbani tunadhani ni mambo ya uhuni. Pale kuna adabu kali kuliko ya ofisini. Kumkodolea mtu macho ni aibu kubwa, husemi kwa sauti, na mapenzi yenu mnayaacha chumbani. Wahudumu wanapita, na ukizidisha unatolewa.

KESSY: Lakini kwa nini usivae tu? Unampunguzia nani?

MWANAIDI: Kwao nguo ya kuogelea ndani ya sauna ni uchafu. Imetoka kwenye klorini, inashika jasho, unaenda kukaa nayo kwenye mbao. Sheria yao ni jasho lisiguse mbao. Unatandika taulo lako kubwa, unakaa juu yake, na miguu yako nayo iwe juu ya taulo. Niliona baba mmoja nyayo zake zimetokeza nje kidogo, bibi wa nyuma yake akamgusa bega akamwonyesha. Bibi hana uzi mwilini, anasimamia usafi.

KESSY: Ningekufa.

MWANAIDI: Usife kabla sijakusimulia Aufguss, kule kumwaga maji kwenye mawe ya moto. Kule kuna sauna zaidi ya thelathini, kila moja na joto lake, na saa za Aufguss zinatangazwa. Watu wanajazana kwenye ngazi za mbao. Ngazi ya juu ndiyo ina moto zaidi, mgeni akae chini. Anaingia fundi na ndoo ya mbao na upawa. Anaeleza leo ni harufu ya mkaratusi, raundi tatu, asiyejiweza atoke mapema. Mlango unafungwa. Anachota, anamwaga kwenye mawe, shiii! Halafu anashika taulo anazungusha juu ya kichwa, anaisukuma ile hewa ije kwako. Kessy, inakupiga usoni kama mtu kafunua sufuria la biriani. Masikio yanawaka. Pua inafunguka mpaka kwenye ubongo. Raundi ya tatu anampepea kila mtu peke yake, mmoja mmoja, na yeye mwenyewe jasho linamchuruzika kuliko sisi. Akimaliza, watu wanapiga makofi.

KESSY: Makofi, uchi.

MWANAIDI: Makofi, na shukrani. Na kuanzia pale nilisahau kuwa nina mwili. Unatoka nje kwenye baridi, mvuke unakutoka mabegani, unaoga maji ya baridi kuanzia miguuni, mwenye moyo anazama kwenye pipa la maji ya barafu. Kisha unalala kwenye kiti nusu saa. Kule kulala ndiyo nusu ya kazi, wengi wetu tunakuruka.

KESSY: Mwenye presha?

MWANAIDI: Presha, moyo, mimba, dawa za kila siku: daktari kwanza. Na bia baadaye, hata kama uko Erding. Maji ndiyo unywe, mengi.

KESSY: Kuna dada kaniandikia yuko Ujerumani, anavaa hijabu, anataka sauna lakini hataki wanaume. Asahau?

MWANAIDI: Asisahau hata kidogo. Sauna nyingi za mabwawa ya manispaa zina siku ya wanawake peke yao, mara nyingi siku moja ya wiki. Apige simu aulize. Bei yake ni nafuu kuliko haya ya hoteli, na bibi wa kusimamia mataulo atamkuta huko huko. Erding ningempeleka upande wa kuvaa, akae majini kule, mwilini hana hasara. Ila aende katikati ya wiki. Jumamosi, na hasa msimu wa baridi, Munich nzima iko pale, na viti vya kulalia unaviona kwa mbali tu.

KESSY: Na ukikutana na bosi wako?

MWANAIDI: Unamsalimia, unamtazama usoni, unapita. Jumatatu hakuna anayelizungumzia.

KESSY: Mimi bosi wangu angelitoa kwenye kikao. Sikiliza, mimi nitaanzia kwetu Moshi, niende Chemka, nikae chini ya mikuyu.

MWANAIDI: Chemka maji yenyewe hata hayachemki.

KESSY: Ndiyo nayapendea. Na nitakuwa na bukta.