Maziwa hayafiki kifuani: maongezi ya nesi na wanaapolo (wachimbaji wa tanzanite), Mirerani

Habari za mchana jamani, asanteni kwa kupanda juu mapema leo, najua kuna waliokuja kwa ajili ya soda na sio kwa ajili yangu, haina shida, kaeni kivulini.

Naanza na maziwa. Hapa ukikohoa tu unaambiwa kanywe maziwa yatoe vumbi. Nilishakutana na kijana kanywa pakti moja kila jioni miezi mitatu, suruali anaifunga na kamba ya kiatu maana kiuno kimeisha, na bado ananiambia nesi hiki ni kinywe tu, lile vumbi jeusi la shimoni, kitatoka. Maziwa ni chakula kizuri, kunyweni, ila yanapita njia ya chakula yanaenda tumboni, vumbi limepita njia ya hewa, na hizo njia zikishaachana hapa kooni ndo basi, hazikutani tena huko chini.

Sasa shida yenu nyie sio moja, ni mbili, na zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni vumbi lenyewe la mawe. Mkichoronga mwamba mkavu, lile vumbi zito mnaloliona mnaliosha usoni linaisha, linaloua ni lile jembamba ambalo kwa macho hulioni, linakaa mapafuni linatengeneza makovu, wataalamu wanaita silikosisi, na haina dawa ya kuiponyesha. Ya pili ni TB, kifua kikuu, ambayo dawa ipo na inapona kabisa. Ubaya ni kwamba ile ya kwanza inaifungulia mlango hii ya pili, kwa sababu zile chembe za kinga zinazolinda mapafu, ambazo kazi yake ni kumla mdudu wa TB, zimeshakula vumbi la mawe zimekufa hovyo. Zote mbili zinakohoza, zote zinakukata pumzi, zote zinakukondesha. Kwa hiyo ukijiambia mwenyewe ni vumbi unabahatisha, na mimi nesi nikikusikiliza kwa sikio tu na mimi nabahatisha.

Na kwenu kuna lingine, makohozi ya mchimbaji ni meusi kwa kinywe. Mtu wa kawaida akiona damu anakimbia hospitali, wewe damu inaweza kutoka usiione.

Kuna aliyeuliza habari ya kikombe, eti mtu wa TB atengewe kikombe na sahani. Hapana, mnamwonea bure. TB haikai kwenye kikombe wala haiambukizi kwa kupeana mkono, inakaa kwenye hewa. Mwenye nayo akikohoa, akiimba, hata akiongea, anatoa vitone vidogo mno vinavyoelea masaa, na juani vinakufa ila shimoni hakuna jua, hewa yenyewe ni ya kompresa, na mko watu kumi mmebanana shifti nzima. Afu unarudi kulala chumba kimoja na watoto dirisha limezibwa na gunia kwa ajili ya baridi. Hapo ndo pa kuogopa, sio kikombe.

Mzee pale nyuma kasema yeye alichanjwa utotoni, kovu analo. Sawa mzee wangu, ile chanjo inamlinda zaidi mtoto mdogo na TB mbaya za ubongo, ukubwani usiitegemee. Na sio kila mwenye TB ana ukimwi, jamani hilo tuliache, ni kweli mwenye virusi anaipata kirahisi zaidi na ndio maana utapimwa vyote viwili, lakini watu wanajificha kwa aibu ya bure.

Dawa ni bure, miezi sita kwa wengi. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke, ni dawa. Wiki chache tu kikohozi kinapungua, mwezi wa pili umenenepa, unasikia fununu kuna jiwe limetoka sehemu unafunga begi unapotea, na wadudu waliobaki ndo wanageuka TB sugu, hapo utakwenda kujuana na hospitali ya Kibong'oto kule Siha, wanatibu kifua tangu 1926 na wanaijua kazi, ila ni matibabu mazito zaidi. Kuhama hatukukatazi. Aga tu, uandikiwe uhamisho, dawa utazikuta huko uendako.

Vikopo viko kwenye hili boksi. Mwenye kikohozi wiki mbili achukue, hata ambaye ana jasho la usiku tu au anapungua bila sababu achukue. Asubuhi ukiamka, kabla ya chai, sukutua maji, toka nje penye upepo usikoholee chumbani, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu halafu kohoa kutoka chini kabisa. Nataka makohozi, sio mate, jana nimeletewa vikopo vinne vya mate. Funga kifuniko, lete kabla ya saa tatu, mashine inatoa jibu ndani ya masaa mawili hivi. Haya, nani anaanza?