Siga ya Laki na Ishirini, Haivutiki

RAMA: Karibuni tena jamani, mi Rama, niko na kaka Deo kama kawaida, na leo kaka ameingia hapa amenuna mpaka nikamuuliza vipi, nyumbani salama? Akanambia nyumbani salama, tatizo ni siga. Sasa kwa wale ambao haya mambo hawayafuatilii, tunaongelea zile nene za kusokotwa kwa mkono, sio sigara za pakiti. Haya kaka, mwaga.

DEO: Aisee Rama, nimekasirika na sifichi. Siga moja, narudia moja, sio boksi, shilingi 120,000. Nimeinunua duka la uwanja wa ndege wakati narudi Dar, duka sitalitaja na jina la siga sitalitaja, ila ni jina ambalo mtu yeyote anayevuta siga analijua. Imekuja na bomba lake la alumini, pete ya dhahabu, jani la nje limenyooka halina hata kovu, ukiiangalia unasema hapa kuna kazi. Nikaikata kichwa, nikavuta kabla sijawasha ile kusikilizia, hamna kitu. Yani hewa haipiti, kama unanyonya kalamu ya risasi.

RAMA: Ila ukaiwasha hivyo hivyo.

DEO: Nikaiwasha, kwa sababu kuna siga inaanza imebana alafu ukivuta sentimita mbili tatu inafunguka yenyewe, hilo lipo. Hii haikufunguka. Upande mmoja ukashika moto unakimbia, upande wa pili umegoma kabisa, nawasha inazima, nawasha tena inazima, moshi wenyewe kiduchu na ule kidogo unaokuja ni wa moto na mchungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Na hapo ndo watu wengi hawaelewi, siga ikiziba wewe unavuta kwa nguvu zaidi si ndio, ukivuta kwa nguvu lile kaa pale mbele linapata moto kuliko inavyotakiwa, tumbaku inaungua badala ya kuiva taratibu, kwaiyo ladha yote unayoilipia inapotea unabaki na uchungu. Siga ni kitu cha kuvuta polepole, mara moja kwa dakika hivi, moshi unaukalisha mdomoni unautoa, humezi.

RAMA: Ngoja nikubane hapo. Dar hii tunaijua, unyevu wake unaujua, chumvi yenyewe ikikaa mezani inalowa. Wewe umeiweka siga ndani wiki sijui ngapi, umejuaje kama sio hewa ya hapa ndo imeivimbisha?

DEO: Swali zuri na nimejiuliza hilo kabla sijamlaumu mtu. Mi nina kisanduku cha kutunzia, kina kipima unyevu ndani, siga zinataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 hivi na kangu nakaweka kwenye 65, na zingine zilizolala humo humo pembeni yake, za bei ya chini kabisa, zinavutika vizuri tu. Alafu siga iliyonyonya unyevu inalainika yote, ukiibonyeza toka mwanzo mpaka mwisho unakuta ni ile ile. Hii ilikuwa laini, laini, alafu chini ya pete kama upana wa vidole viwili kuna sehemu ngumu kama kuna fundo, ukipita hapo laini tena. Unyevu haufanyi fundo bana. Fundo linafanywa na mkono.

RAMA: Sawa, hapo nimekuelewa.

DEO: Nikachukua njiti ya mshikaki, ile nyembamba, nikaipitisha katikati taratibu kufungua njia. Wanaovuta wanafanya sana hiyo na mara nyingi inasaidia. Njiti ikaenda vizuri ikafika pale ikagota, nikaizungusha kidogo, jani la nje likapasuka kwa urefu. Hapo nikaiweka chini.

RAMA: Ikaishia hapo?

DEO: Haikuishia, nikachukua wembe na sahani nikaipasua. Na hapa naomba nielezee kidogo ili msikilizaji aelewe nilichokiona. Siga ya mkono ina sehemu tatu, kuna majani ya tumboni, kuna jani la kufungia lile tumbo, alafu kuna jani la juu kabisa lile zuri la kuonekana. Lile la juu ndo linasifiwa, lakini siga inavutika au haivutiki kwa sababu ya tumbo. Msokotaji anashika majani matatu manne mkononi, fundi mzuri anakunja kila jani peke yake kama kijibomba, anayapanga pamoja, kwaiyo katikati yanabaki matundu marefu hewa inapita toka mwanzo mpaka mwisho. Mvivu au mwenye haraka anayalaza yote kwa pamoja anayakunja mara moja kama anafunga kitabu. Kwa nje huwezi kuona tofauti.

RAMA: Na yako?

DEO: Yangu kulikuwa na jani limejipinda, limezunguka lenyewe limekatiza kwa upana, limewaziba wenzake wote, na ndani ya hilo jani kuna kipande cha uti, ule mshipa mnene wa katikati, umeachwa. Ule uti mnene unatakiwa utolewe kabla majani hayajafika mezani kwa msokotaji, kuna watu kazi yao ni hiyo tu. Mimi nikautoa kwa kidole nikauweka pembeni ya sahani, mgumu, unavunjika kwa sauti. Alafu kingine, kuna lile jani zito la juu ya mmea, wenyewe wanaliita ligero, linapigwa sana na jua kwaiyo linakuwa nene, lina mafuta, lina nguvu, linaungua polepole. Hilo kila fundi anajua linakaa katikati kabisa, yale mepesi ya chini yanayoshika moto haraka yanalizunguka. Kwangu mimi lilikuwa limesukumwa upande, na ni upande ule ule uliokuwa unagoma kushika moto. Kwaiyo sio bahati mbaya, unaona kabisa kila kilichonisumbua kimekaa pale kwenye sahani.

RAMA: Kaka, unajua unanikumbusha nini? Mi nimezaliwa Urambo, mzee alikuwa analima tumbaku. Ile ni tumbaku ya mvuke, ya sigara, inakaushwa kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia, kwa moto, sio hiyo ya siga.

DEO: Ndio, ya siga ni ya hewa, inaning'inizwa inakauka yenyewe taratibu, alafu inarundikwa kwenye marundo makubwa inapata joto lake inachachuka, ile harufu kali ya amonia inatoka.

RAMA: Sasa sikia. Nyumbani wakati wa kuchambua ni familia nzima, mama, watoto, shangazi, wote tumekaa chini tunatenga majani, ya chini mwa mmea peke yake, ya kati peke yake, ya juu peke yake, alafu rangi, hili la chungwa hili la limau, hili lina madoa weka kule. Usiku kwa koroboi. Ukifunga mtumba wa tumbaku ukaupeleka sokoni mteuzi, yule anayepanga madaraja, anaufungua, anaingiza mkono katikati anachomoa majani, akikuta umechanganya anakushusha daraja hapo hapo au mtumba wote unarudi nao. Na huna la kusema. Ada ya shule, mkopo wa mbolea, vyote vimekaa kwenye ule mtumba. Nimemuona mzee wangu anarudi na mtumba kwa sababu ya majani machache tu yaliyochanganyika. Sasa wewe unaniambia kitu cha shilingi 120,000 kimetoka kiwandani na uti ndani na hakuna aliyeingiza mkono?

DEO: Rama, hilo ndo linaloniuma na umelisema vizuri kuliko mimi. Mkulima anapimwa jani kwa jani. Huyu anayeuza kwa bei hiyo nani anampima? Na sio kwamba haiwezekani kukagua! Mwishoni mwa miaka ya 90, baada ya Marekani kupata wazimu wa siga na dunia nzima kutaka siga, Kuba waliongeza uzalishaji haraka mno, na siga zao zikaanza kulalamikiwa kila kona kwamba zinaziba, siga za majina makubwa kabisa. Wakaleta mashine mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni kitu rahisi tu, unachukua lile tumbo kabla halijavikwa jani la juu, unaliweka kwenye mashine inavuta hewa, mshale unakuonyesha kama imebana sana au imelegea sana. Ikifeli inarudi mezani inafunguliwa inasokotwa upya. Saivi viwanda vingi vya maana Nicaragua, Jamhuri ya Dominika, Honduras wanazo mashine za namna hiyo.

RAMA: Kwaiyo ni dakika chache tu.

DEO: Dakika gani, sekunde! Na kabla ya hapo kuna msimamizi anayepita mezani anabonyeza kwa vidole, na mwisho kuna wanaopanga rangi kwenye boksi, hao nao wanaishika moja moja. Ile sehemu ngumu mimi niliisikia kwa kidole gumba nimekaa sebuleni kwangu, mimi ambaye sio fundi. Mtu anayeshika siga kutwa nzima hakuisikia?

RAMA: Ila msokotaji naye mwonee huruma. Si nasikia wanalipwa kwa idadi ya siga?

DEO: Sehemu nyingi ndio, kwa idadi, na Kuba mtu mmoja anafanya siga nzima mwenyewe, anaweza akatoa karibu mia kwa siku kutegemea na ukubwa. Nicaragua na Dominika wanakaa wawili wawili, mmoja anafunga tumbo mwingine anavisha jani. Mimi simlaumu huyo aliyesokota, mtu akifanya mia kwa siku moja itamponyoka, ni binadamu. Namlaumu aliyepanga bei. Ukiniuzia kwa bei hiyo maana yake ile iliyomponyoka fundi wewe umeshaikamata kabla haijanifikia, ndo ninacholipia, silipii bomba la alumini.

RAMA: Na bei zenyewe zimepanda kweli, si ndio.

DEO: Zimepanda vibaya. Mwaka 2022 siga za Kuba za majina ya Cohiba na Trinidad bei zao zilipandishwa dunia nzima zikasawazishwa na za Hong Kong, sehemu zingine bei ikaruka mara mbili na zaidi. Mwaka huo huo mwezi wa tisa kimbunga Ian kikapiga Pinar del Río, kule ndo kunatoka tumbaku bora ya Kuba, mabani maelfu yakaanguka.

RAMA: Duh, mabani maelfu. Mi najua bani moja likianguka nyumba inalia.

DEO: Basi fikiria. Kwaiyo naelewa kabisa kwamba jani zuri ni adimu na ni ghali. Lakini ndo sababu ya kulitunza zaidi! Jani limelimwa miezi, limekaushwa, limechachushwa, limekaa ghalani miaka, mikono sijui mingapi imelipitia, alafu mtu wa mwisho analipinda linaishia kwenye sahani yangu na wembe. Mi naona ni kumdharau mkulima kabla hata hujanidharau mimi.

RAMA: Dukani uliwaambia?

DEO: Niliwapigia, nikawatumia na picha. Jibu lao, siga za mkono ndivyo zilivyo, haziwezi kufanana zote. Hilo jibu sikubaliani nalo hata kidogo. Zisifanane ladha, sawa, hii ina pilipili kidogo ile ina utamu, huo ndo uzuri wa mkono. Lakini kuvutika sio ladha, kuvutika ndo siga yenyewe. Huwezi kuniuzia filimbi haina tundu ukanambia ni ya mkono.

RAMA: Na wasikilizaji wetu tuseme pia, siga sio kitu salama eti kwa sababu humezi moshi. Saratani ya mdomo ipo, ya koo ipo.

DEO: Ipo kabisa, na siga moja kubwa inaweza ikawa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, tusidanganyane. Mimi navuta mara chache sana kwa mwaka, tena kwa kuchagua siku, jioni nimetulia, kazi zimeisha. Ndo maana ikiharibika naumia hivi, sina ya kesho ya kufidia.

RAMA: Sasa mtu yuko dukani, anataka kununua, afanyeje yasimkute?

DEO: Omba uishike. Kama iko kwenye bomba omba litolewe. Bonyeza taratibu kwa vidole viwili toka miguuni mpaka kichwani, ukikutana na sehemu ngumu ghafla irudishe, usione aibu. Angalia mguuni pale panapowashwa, uone majani yamekaa yana nafasi, sio yamekandamizwa upande mmoja. Na kama duka lina sehemu ya kukaa, lipa, ikate pale pale mbele yao, vuta bila kuwasha. Hewa isipopita unawarudishia hapo hapo, siga haijawashwa, hawana sababu ya kukataa, na duka la heshima linakubadilishia.

RAMA: Na wakikataa?

DEO: Wakikataa umeshawajua. Mi kuna safari mwezi ujao napita tena uwanja ule ule, naenda na ule uti nimeufunga kwenye karatasi, nauweka pale kaunta, namwomba meneja auangalie. Hela sidai tena. Nataka tu auone kwa macho yake, ampelekee anayemletea mzigo.

RAMA: Utatuletea majibu kipindi kijacho. Tukirudi baada ya mapumziko kuna msikilizaji wa Sikonge ameuliza kwanini tumbaku ya Tabora haitumiki kwenye siga, na hilo kaka Deo ana mengi ya kusema, msiende mbali.