Kuchonga Ukuta Bila Kuuvunja
(Mhadhara kwa wenye nyumba na vijana wa ufundi, Tabora)

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni mama zangu, na vijana habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie drili ya nyundo, hasa ile kazi yake ya kuchonga ukuta ili kupata njia ya bomba la waya. Siku hizi kijana anaikodi asubuhi, jioni mwenye nyumba analia. Lakini kabla ya mashine, tuuangalie ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Ng'ambo, Ipuli na Cheyo ni za tofali za kuchoma, na tanuru halichomi sawa. Tofali lililokaa karibu na moto ukiligonga linaita kama chuma. La pembeni unalikwangua kwa kucha. Yote mawili yamelala chini ya lipu moja, na kwa macho huwezi kuyatenganisha. Kwa hiyo mkono wako lazima usikie.

Drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo ina visahani viwili vya meno vinavyorukiana, ndiyo maana unaiegemea kwa mwili mzima. Hii ya leo haiko hivyo. Ndani mna pistoni inayobana hewa, hewa inarusha kipande cha chuma, na hicho ndicho kinachogonga kitako cha tindo. Ukiisukuma zaidi, unachoka wewe tu. Ishike imara, uiache igonge.

Nyingi za kukodi hapa mjini zina mdomo wa kushikia tindo wa aina ya SDS-plus, kitako cha milimita 10. Zile kubwa za kuvunjia zege ni SDS-max, milimita 18, na tindo la huku haliingii kule. Paka grisi kidogo kwenye kitako, ingiza, halafu livute. Likicheza kidogo ni kawaida, likitoka, halijashika.

Kuna kiteuzi chenye picha: biti peke yake, biti na nyundo, nyundo peke yake. Kwa tindo ni nyundo peke yake, basi. Ukisahau, tindo litazunguka, na ncha ikikwama kwenye tofali kitakachozunguka ni kifundo cha mkono wako. Kiteuzi hugeuzwa mashine ikiwa imesimama.

Sasa kazi. Zima umeme wa chumba hicho, mashine uichomeke chumba kingine. Waya huwa zinapanda wima kutoka kwenye swichi na soketi, ingawa tunafahamiana, wapo mafundi wanaozipitisha mshazari ili waokoe mita moja. Chora mistari miwili, ipasue kwa grenda, ndipo utoe kilichobaki katikati kwa tindo. Anzia ukingoni, laza tindo kama nyuzi 45, kula kidogo kidogo. Ukilisimamisha wima likazama, litakwama, na ukilikorokochoa tofali la jirani linatoka nalo. Ukifika kwenye tofali laini utasikia mlio umebadilika, umekuwa mzito: hapo achia kitufe, malizia kwa tindo na nyundo ya mkono.

Kina je? Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unasema njia ya wima isizidi theluthi ya unene wa ukuta, ya mlalo isizidi sehemu ya sita. Ukuta wa inchi 6 ni kama milimita 150, kwa hiyo wima 50, mlalo 25. Bomba la waya la milimita 20 kwa mlalo linaingia kwa kubanana. Njia ya mlalo inakata mstari mzima wa tofali zilizobeba kilicho juu. Mimi nasema mlalo uuepuke kabisa, pandisha bomba hadi darini.

Vumbi msilichezee. Mchanga una silika, na ile unga laini isiyoonekana ndiyo inayokaa kwenye mapafu. Kitambaa cha mdomoni hakitoshi, tafuta barakoa ya vumbi inayobana uso, na miwani. Ukimaliza nyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono. Lenta? Hapana mzee wangu, lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, haichongwi, mle mna nondo. Bomba lipite pembeni yake.