Kuosha Hewa ya Injini ya Fordson: Chombo cha Maji, Boya na Joto la Ekzosi

Karibuni, watazamaji. Leo tuko chini ya banda la mabati, mbele ya trekta la Fordson Model N, aina iliyoanza kutengenezwa Cork, Ireland, mwaka 1929, kisha kuanzia mwaka 1933 ikatengenezwa Dagenham, Uingereza. Hatutagusa plagi wala magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Kazi yetu ni hewa tu: inapoingilia, inavyooshwa, inavyopashwa joto, na mahali inapoweza kupenya kwa siri bila kuoshwa. Mahali hapo pa mwisho ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu nimeona watu wengi wakisafisha chombo mpaka kikang'aa, huku vumbi likiendelea kupita mlango wa nyuma.

Kabla hujashika spana, elewa kwanza kiasi cha hewa tunachokizungumzia. Injini hii ina silinda nne zenye ujazo wa jumla wa takriban lita 4.4, na mwendo wake wa kazi ni mizunguko 1,100 kwa dakika. Kwa kuwa injini ya mapigo manne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, na silinda hazijai kikamilifu, tunapata karibu lita 1,800 kila dakika, yaani zaidi ya mita za ujazo 100 kwa saa. Chukua chumba cha mita nne kwa nne chenye dari la mita tatu: hewa ya vyumba viwili vya namna hiyo humezwa na injini hii ndani ya saa moja, nayo wakati wa kulima si hewa ya chumbani bali ni ile iliyotimuliwa na magurudumu na majembe.

Waundaji wa injini za mwanzo za petroli hawakulijali sana jambo hili. Ford Model T, gari lililotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, halikutoka kiwandani na chujio la hewa hata moja. Kabureta ilivuta chochote kilichokuwa chini ya boneti. Kwa gari lililopita barabarani mara chache kwa siku, hilo liliweza kuvumilika. Trekta, hata hivyo, hufanya kazi kutwa nzima katikati ya vumbi lake lenyewe, na ndiyo maana Fordson, lililoanza kutengenezwa Dearborn, Michigan, mwaka 1917, lilipewa chombo cha maji cha kuoshea hewa. Fordson zilizotengenezwa baadaye zilipewa chujio la oili badala ya maji. Kama lako ni la namna hiyo, hatua za boya na maji hazikuhusu, lakini zile za viungo zinakuhusu neno kwa neno.

Sasa tuanze. Zima injini, funga koki ya mafuta, na usubiri mpaka ekzosi iwe baridi kiasi cha kuweza kuishika kwa mkono mtupu. Usifanye haraka hapa, kwa maana petroli ya kuwashia iko karibu, na mvuke wake hautafuti moto mkubwa.

Weka karai chini ya chombo cha maji, kisha ulegeze kizibo cha chini taratibu. Maji yatatoka kwanza, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, halafu litafuata tope zito linaloshuka kwa mabonge. Usilimwage. Lichote kidogo kwa kidole, ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, nawe utahisi punje zinazokwaruza hata pale tope linapoonekana laini kama uji. Kisha chukua kipande cha kioo cha dirisha, upake tope hilo, na ulisugue kwa kipande cha mti. Sikiliza mlio huo. Osha kioo, ukielekeze kwenye mwanga, kama ninavyofanya sasa mbele ya kamera: mnaiona mikwaruzo hii myembamba? Hiyo ni kazi ya punje za kwazi, madini ya mchanga wa kawaida, ambayo ni magumu kuliko kioo na magumu kuliko chuma cha silinda. Kinachofanyika hapa juu ya kioo ndicho kinachofanyika kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, ila huko ndani hufanyika zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika, tena mahali usipopaona.

Suuza chombo kwa maji safi mara mbili au tatu, ukitumia brashi yenye mpini mrefu kufikia pembe za chini. Tope lililokauka ukutani lilowekwe kwa maji ya moto. Usilikwangue kwa bisibisi, kwa sababu bati la zamani limekwisha kuwa jembamba na litatoboka.

Sasa tuje kwenye boya. Hewa ya nje hushuka kwa bomba, hutokea chini ya uso wa maji, hupanda kama mapovu, kisha huelekea kwenye injini. Boya limewekwa ili maji yanapopungua, tundu la kutolea hewa lishuke pamoja nayo na kubaki katika kina kilekile. Kina kikizidi, injini hukabwa na kuanza kuvuta maji; kikipungua, hewa hupita juu juu bila kuoshwa. Litoe boya kwa uangalifu, ulitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakichezacheza ndani, limetoboka. Usianze kulichoma kwa risasi ya kulehemu papo hapo, maana maji yaliyofungiwa humo yakigeuka mvuke yatalipasua usoni pako. Lizamishe kwanza kwenye sufuria ya maji ya moto. Hewa iliyo ndani itapanuka na kutoa viputo mahali penye tundu. Weka alama, toboa tundu jingine dogo upande wa pili, lining'inize juani mpaka likauke kabisa, na hapo ndipo uzibe matundu yote mawili. Tumia risasi kidogo tu. Boya lililobandikwa risasi nyingi huwa zito, huzama zaidi ya ilivyokusudiwa, na utajikuta umeondoa kosa moja kwa kuleta jingine.

Rudisha boya, lisukume juu na chini kwa kidole. Lishuke lenyewe bila kukwama.

Jaza maji safi mpaka kwenye kiwango cha chombo chako, usivuke. Ukiweza, tumia maji ya mvua, kwani maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe ambao siku moja utalinasa boya. Maji yabadilishwe kila siku ya kazi, na msimu wa vumbi kali, yaani ule wa kulima kabla ya mvua za masika, yabadilishwe mara mbili kwa siku. Usidanganyike na kiwango kwamba bado kiko juu, kwa sababu tope likijaa chini huyasukuma maji juu, na chombo kikaonekana kimejaa ilhali kina vikombe vichache tu vya maji. Vilevile hewa kavu huyanywa maji hayo: kwa hesabu yangu, siku ya jua kali injini hii inaweza kuondoka na zaidi ya nusu lita kila saa kwa njia ya mvuke pekee.

Mvuke huo si hasara tupu. Maji yanapogeuka mvuke hupoza hewa, na unyevu ukifika ndani ya silinda hutuliza mgongano wa moto, ule mlio wa nyundo ndogo unaosikika injini inapolemewa ikiwa inatumia mafuta ya taa. Wakulima waliozitumia injini hizi walizoea kusema kwamba huenda vizuri zaidi asubuhi yenye ukungu, na sababu ya kimsingi ni hiyohiyo.

Lakini nisiwafiche udhaifu wa chombo hiki. Punje ya vumbi inayosafiri katikati ya povu kubwa haigusi maji kamwe. Hupanda nalo, povu hupasuka, na punje inaendelea na safari yake mpaka kwenye silinda. Hii ndiyo sababu chujio la oili lilikuja kulishinda la maji: oili haikauki, nayo hulowesha nyuzi za waya ambazo hewa inalazimika kupinda kona nyingi kuzipita, hivyo punje iliyoponyoka hatua ya kwanza hunaswa katika ya pili. Kwa sababu maji hayanasi kila kitu, hatuna ruhusa ya kuongeza uchafu mwingine kupitia viungo vibovu.

Na hapa sasa naomba mniangalie kwa makini. Kuanzia chombo cha maji hadi kwenye injini, bomba lote liko chini ya mvuto wa injini. Ufa wowote katika sehemu hiyo hautoi kitu nje ili ukione. Unavuta ndani, kimyakimya. Mimi mwenyewe niliwahi kulitumia trekta msimu mzima nikibadilisha maji kila siku kwa uaminifu, na mwisho wa msimu hendeli ya kuwashia ikawa nyepesi mkononi kama ya mashine ya kusaga nyama, kwa maana mgandamizo ulikuwa umekwisha. Nilipofungua bomba nilikuta ndani yake mstari wa vumbi jekundu, mwembamba na ulionyooka, ulioanzia kwenye gasketi moja iliyokatika na kwenda moja kwa moja hadi kwenye vali. Gasketi hiyo ilikuwa ya karatasi tu, na kuibadilisha kungenichukua dakika kumi.

Kwa hiyo fungua kila kiungo baada ya chombo cha maji. Pitisha kitambaa cheupe kilicholoweshwa oili kidogo ndani ya bomba, ukizungushe, ukitoe, ukitazame. Weusi wa mafuta si kitu. Unachokitafuta ni rangi ya udongo wa shamba lako. Ukiiona, fuata mstari wake nyuma mpaka chanzo. Nyuso za kiungo zisuguliwe ziwe bapa, gasketi mpya ikatwe kwa kufuata umbo halisi, na boliti zikazwe kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, ili uso usipinde. Penye mpira, ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo mgongoni, utupe, hata kama bado haujavuja. Waya uliofungwa badala ya kibano nao uondolewe, kwa sababu hubana sehemu mbili na kuacha nyingine wazi.

Baada ya hewa kuoshwa, inabaki habari ya joto. Petroli inapovukizwa hunyonya joto kutoka kwenye hewa inayoizunguka, na kabureta inaweza kushika barafu hata siku ambayo nje hakuna barafu. Model T ilitatua hilo kwa bomba la bati lililovuta hewa kutoka kando ya ekzosi na kuileta kwenye kabureta. Fordson lilikuwa na tatizo zito zaidi, kwa sababu huwashwa kwa petroli kisha huhamishiwa mafuta ya taa, ambayo hayavukizwi vizuri bila joto. Waundaji wake hawakuipasha hewa yote. Walichukua sehemu ndogo ya hewa, wakaichanganya na mafuta mengi, wakaipitisha kwenye veporaiza, yaani chombo cha kugeuza mafuta kuwa mvuke, inayopashwa na ekzosi, kisha wakaikutanisha na hewa nyingi iliyo baridi kutoka kwenye chombo cha maji. Naipenda sana busara hii. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 hupungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya tano katika ujazo uleule, na nguvu ya injini hupungua pamoja nayo; kwa mpango huu, mafuta hupata joto lake bila hewa yote kupanuka.

Fungua veporaiza, ukwangue masizi magumu kwa mti au shaba, na uhakikishe ukuta unaotenganisha ekzosi na njia ya hewa haujapasuka. Mwaga mafuta ya taa kidogo upande mmoja, usubiri robo saa, utazame upande wa pili. Ukiona unyevu, ukuta huo umepasuka, na moshi wa ekzosi umekuwa ukiingia katika hewa uliyoihangaikia kuiosha. Kipuri hicho kibadilishwe.

Funga kila kitu, washa kwa petroli, uache injini ipate moto. Weka sikio karibu na chombo cha maji. Mlio unaoutaka ni mchemko wa sufuria ya maharagwe, mzito na usiokatika. Ukisikia mluzi, maji ni machache au boya limekwama. Ukisikia mikoromo na injini ikatoa moshi mweupe wa mvuke, maji yamezidi. Sasa chukua povu la sabuni lililo zito, ulipake kwa brashi kwenye kila kiungo ulichokifunga huku injini ikienda polepole. Povu likitulia, kiungo ni kizima. Likizama na kutoweka kama linavyofanya hapa, kwenye boliti hii ya tatu, bado unavuta vumbi. Zima, kaza, rudia.

Jioni, ukimaliza kazi, toa maji yote, hasa kama unaishi sehemu za juu kama Kinangop, Kenya, ambako alfajiri huweza kuwa na barafu, na ufunike mdomo wa bomba la kuingilia kwa kopo safi ili nyigu wasijenge humo. Lifungie kopo hilo kamba na uining'inize kamba hiyo kwenye hendeli ya kuwashia, ili asubuhi usiweze kuzungusha hendeli kabla hujaliondoa.