Herufi Nne, Thamani Tatu: Nadharia ya Makundi Ilikoanzia

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Kaka Juma, leo ni nadharia ya makundi, tawi la hisabati. Naona wengi huanza na Galois, yule kijana Mfaransa.

JUMA: Neno "kundi" kwa maana hii ni lake, dada. Lakini turudi nyuma kidogo, Berlin, mwaka 1770, kwa mwanahisabati Lagrange. Kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili tunaijua tangu shuleni. Za kipeo cha tatu na cha nne Cardano wa Italia alizichapisha mwaka 1545. Ya tano? Miaka zaidi ya 200, hakuna aliyeipata. Lagrange akauliza swali jingine: hizi za zamani zilifaulu kwa nini? Shika kalamu. Mlinganyo wa kipeo cha nne una mizizi minne, yaani majibu yake: a, b, c, d. Andika ab + cd.

ZUHURA: Tayari.

JUMA: Badilishanisha a na b.

ZUHURA: ba + cd. Thamani ileile.

JUMA: Rudi mwanzo, sasa b na c.

ZUHURA: ac + bd. Hii mpya.

JUMA: Herufi nne hupangika kwa namna 24. Thamani utapata ngapi?

ZUHURA: Ngoja... ab + cd, ac + bd, ad + bc. Halafu zinajirudia. Tatu tu!

JUMA: Tatu! Thamani hizo tatu ni mizizi ya mlinganyo msaidizi wa kipeo cha tatu. Ndiyo maana mlinganyo wa kipeo cha nne unashushwa hadi wa tatu, na huo tunauweza. Tazama pia zile namna 8 zisizobadili ab + cd. Fanya moja, ifuatishe nyingine, bado umo humohumo kwenye zile 8. Hilo ndilo kundi, ingawa Lagrange hakuliita hivyo.

ZUHURA: Na mizizi mitano?

JUMA: Mipangilio 120. Hapo mlinganyo msaidizi, badala ya kushuka, ulipanda hadi kipeo cha 6. Ruffini wa Italia alitangaza mwaka 1799 kwamba kanuni ya jumla ya kipeo cha tano, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeo vya mizizi kama zile za zamani, haipo, uthibitisho wake ukawa na pengo. Abel wa Norway akathibitisha mwaka 1824, kwa kijitabu cha kurasa 6 alichokilipia mwenyewe.

ZUHURA: Ndipo Galois.

JUMA: Yeye alitaka kujua ni milinganyo ipi hasa inayotatulika kwa kanuni ya namna hiyo, akaona jibu limo ndani ya kundi la kila mlinganyo. Watu husema alibuni yote usiku mmoja kabla ya pambano la bastola. Si kweli, na inaniuma, maana inafuta kazi ya miaka. Mwaka 1831 mwanahisabati Poisson alishaisoma, akasema haieleweki. Usiku ule wa Mei 1832 alimwandikia rafiki yake Chevalier barua ya kuyafupisha aliyokwisha kuyapata. Akafa akiwa na miaka 20. Mwanahisabati Liouville akaichapisha kazi yake mwaka 1846.

ZUHURA: Miaka 14 baadaye! Kaka, mimi bado nazitafuta zile 8. Nimepata 4.

JUMA: Hamisha jozi nzima. c na d zitangulie.

ZUHURA: cd + ab... dc + ab, cd + ba, dc + ba. Zimetimia.