Msimu wa nne wa Seinfeld: moto wa sigara ya mzee Ross

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo ni msimu wa nne wa Seinfeld, kipindi cha vichekesho cha runinga ya Marekani, ule wa 1992 hadi 1993, na kaka Idi tangu juzi anashikilia kwamba huu ndio bora kuliko yote.

IDI: Na sibanduki hapo, dada Neema. Misimu ya mwanzo, kisa cha leo kinaishia leo. Huu una uzi mrefu: kituo cha NBC wanamwita Jerry, mchekeshaji, awaletee wazo la kipindi cha runinga, yeye hana, rafiki yake George anadakia kwamba kipindi chao hakitahusu kitu chochote.

NEEMA: Na ndiyo yaliyowakuta Jerry Seinfeld na Larry David wenyewe, waliokitunga kipindi hiki. Sehemu yao ya majaribio ilirushwa na NBC Julai 1989. George tunayemwona pale amechorwa kutokana na Larry David kabisa.

IDI: Sasa watu wameyachukua maneno ya George wakayafanya ndiyo sifa ya Seinfeld. Mimi sikubali. Kipindi hiki kinahusu matokeo! Chukua ile nyumba ya mapumziko.

NEEMA: Ya baba yake Susan, yule mpenzi wa George anayefanya kazi NBC?

IDI: Hiyo hiyo. George anapata boksi la sigara nene za Kyuba kutoka kwa mzee Ross. Anampa Kramer, jirani wa Jerry. Kramer anatangulia kwenye nyumba ya mzee, anaacha sigara inawaka, anakwenda kuogelea. Nyumba yote majivu. Mzee kaunguziwa nyumba na sigara zake mwenyewe! Halafu kinachosalimika ni kisanduku chenye barua za mapenzi alizoandikiwa na mwandishi John Cheever, na zinasomwa familia nzima ikisikia. Yote hayo yametoka kwenye zawadi.

NEEMA: Susan namhurumia kweli. Kramer kanywa maziwa yaliyoharibika kwa Jerry, akamtapikia. Nyumba ikaungua. Kisha George akambusu mbele ya wakubwa wa NBC, na kazi ikaota mbawa.

IDI: Na hakuna anayekaa naye chini kumfariji. Sharti la Larry David lilikuwa hilo: hakuna kukumbatiana, hakuna kujifunza. Wanarudi mgahawani, wanaagiza chakula, wanaongea mengine.

NEEMA: Ndipo ninapoumia, na ndipo ninapocheka. Lakini tusiiruke sehemu ya The Contest, Novemba 1992. Wote wanne, Jerry, George, Kramer na rafiki yao Elaine, wanaweka dau la kujizuia na jambo la faragha. Wanaume dola 100 kila mmoja, Elaine wanamtoza 150. Na jambo lenyewe halitajwi hata mara moja.

IDI: Larry David alipata Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, kwa kuiandika ile. Anamwachia mtazamaji amalizie mwenyewe. Kramer anaingia, anabamiza pesa mezani, anasema ametoka kwenye shindano, basi. Watu studio hoi.

NEEMA: Mimi namtazama Elaine. Mwanzoni mwa msimu hayupo, maana Julia Louis-Dreyfus anayemwigiza alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na pengo unalihisi. Wale wanaume wanahitaji mtu wa kuwakatalia.

IDI: Hapo nakuunga mkono. Na ni yeye anayeangusha kila kitu bila kutaka. Dalrymple, bosi wa NBC, anampenda mpaka anaacha kazi, anajiunga na Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, anapotelea baharini. Anayeshika kiti chake anakifuta kipindi cha Jerry mara tu kinapoonyeshwa.

NEEMA: Hiyo ni sehemu ya The Pilot, Mei 20, 1993, usiku uleule Cheers, kipindi kingine cha vichekesho cha NBC, kilipoaga. Kipindi cha ndani kinakufa, na hiki cha nje ndio kwanza kinapaa: mwaka huohuo kikabeba Emmy ya kipindi bora cha vichekesho.

IDI: Msikilizaji mgeni asianze na The Contest, hata akisifiwa vipi. Aanze na The Pitch, afuate kwa mpangilio mpaka The Cheever Letters.

NEEMA: Sawa, kwa hilo umeniweza. Wiki ijayo msimu wa tano, na The Marine Biologist ni yangu, usiiguse.